Sandrine Kapanda Mnara

Benchi letu liko mbele ya saluni yangu ya kunyolea hapa Mansfield, Texas, katikati ya duka la Naserian la vyakula vya kwetu na kliniki ya meno iliyofungwa tangu wakati wa korona, ambayo mpaka leo ina picha ya jino linalocheka dirishani. Sijui nani alilileta. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo kila anayelikalia huzungumza akiwa ameegemea upande, na mimi naamini hilo limechangia mengi katika fikra zao. Jumamosi asubuhi Naserian hutoa birika la kahawa ya tangawizi na sahani ya mandazi, na wenyewe wanafika. Kuna Daktari, ambaye si daktari: jina lake Nyaga, Mkenya, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunza wazee, na sijawahi kumwona bila ile sare yake ya buluu. Kuna Shemasi, yaani Matumaini, Mkongomani wa Fizi, anayeongea na watu watatu kama vile ana kipaza sauti. Na kuna Forklift, jina lake la kuzaliwa Parfait, naye mtu wa Fizi, anayeendesha forklift, ile mashine ya kunyanyua mizigo, usiku katika ghala la friji. Mimi ni Deo, wa Kasulu, nanyoa. Mlango wangu huwa wazi, na ninayosimulia hapa nimeyasikia mwenyewe, mengine nikiwa na mashine mkononi na kichwa cha mtu nusu kimenyolewa.

Kwa kawaida Forklift haketi kabla hajatupa habari za Sandrine. Ni binti yake wa kwanza, kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kaja Texas akiwa na miaka minane amebeba mfuko wa plastiki wenye karatasi za familia nzima, kwa sababu baba yake alisema yeye ndiye hapotezi vitu. Sasa yuko chuo kikuu, anasomea mipango ya miji, ambayo Forklift huiita "mambo ya barabara". Mwezi wa kwanza chuo kikampeleka Roma kusoma kwa miezi mitatu. Tulijua kila kitu: alikula nini, chumba chake kina madirisha mangapi, mwalimu wake ana mbwa. Wiki ile alikuwa amemaliza masomo ya huko, na kabla ya kurudi akaenda na rafiki zake wawili kutembea siku tatu Siena, mji wa zamani wa matofali, karibu mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Roma.

Jumamosi hiyo Forklift aliegesha gari kwenye nafasi mbili, akashuka na fulana yake ya kung'aa ya kazini, akakaa bila salamu.

— Naserian, kahawa. Bila sukari.

Tukatazamana. Forklift huweka vijiko vinne.

— Kuna msiba? Shemasi akauliza.

— Sandrine amepanda munara.

— Mnara wa simu? Daktari akashtuka. Hiyo ni kesi! Hapa Texas wanakushika, wanakupiga picha pande mbili...

— Munara ya Italia! Munara ya zamani! Musikilize nyinyi wenyewe.

Akaweka simu juu ya sahani ya mandazi, akabonyeza. Ilikuwa sauti iliyotumwa jana yake, Ijumaa. Sandrine alikuwa anahema, na upepo unavuma nyuma yake.

"Papa, jambo! Tuko Siena, tuko wazima. Hapa kuko mnara mrefu sana, ngazi mia nne. Students wa hapa walituambia, mwanafunzi akipanda kabla ya kumaliza chuo, basi hamalizi tena, never. Zoé na Charlotte wamebaki chini, wanakula ice cream. Mimi nimepanda. Papa, it's so beautiful. Nitakupigia nikuambie kitu. Bisous."

Zoé ni binti wa Carrollton, hapa hapa Texas, wazazi wake watu wa Bukavu. Charlotte ni Mmarekani, waliishi naye chumba kimoja kule Roma. Hao wawili tuliwajua kwa majina kama wapwa zetu.

— Rudisha nyuma, akasema Naserian, birika mkononi. Aliambiwa kabla hajapanda, au baada ya kushuka?

Forklift akarudisha. Tukainama wote, benchi likalalia upande wa Shemasi.

— Kabla, Naserian akasema. Wenzake wameambiwa, wakabaki. Yeye kaambiwa, akapanda.

— Ndiyo kitu inaniua! Forklift akajipiga paja. Kama hangejua, ningesema ni ajali. Lakini anajua! Anajua kabisa, na anapanda na miguu yake!

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Shemasi ndiye aliyeshinda kwa sauti.

— Ndugu zangu, mnara si jengo la kawaida. Babeli walijenga mnara, lugha zikachanganyika. Huyu mtoto atashuka hasikii tena Kiingereza. Mwalimu atampa mtihani, yeye ataujibu kwa Kiitaliano.

— Si atafaulu huko Italia? nikauliza kutoka mlangoni.

— Deo, nyoa.

— Wacheni mambo ya Babeli, Daktari akasema. Hii kitu ni oxygen. Ngazi mia nne! Ukipanda juu hivyo, hewa inapungua, brain inalala upande mmoja. Kule kazini kuna mzee alipanda ngazi kubadilisha balbu. Alishuka akaanza kuita bibi yake "Mheshimiwa Jaji".

— Ana ugonjwa wa kusahau, Daktari, akasema Naserian. Ndiyo maana yuko kwenye hiyo nyumba yenu.

— Ulianza na balbu! Niliona file yake kwa macho yangu!

— Non, non, non. Forklift akatikisa kichwa. Minajua hii kitu ni nini. Ni akili ya Wataliano. Wako na vyuo bya zamani, nafasi kidogo, wageni wanakuja wengi. Basi wanaweka munara. Mugeni anapanda, anaacha shule, nafasi inabaki ya mutoto wao.

— Na watoto wao wenyewe, hawapandi?

— Wao waliambiwa!

— Hata Sandrine aliambiwa.

Forklift akanywa kahawa chungu na uso ukamkunjamana. Kisha akatuonyesha picha, kwa sababu kulikuwa na picha pia, imefika saa chache baada ya ile sauti. Sandrine amesimama kwenye mlango wa nyumba ya matofali, anacheka meno yote. Shingoni amefungwa kitambaa cha hariri, chekundu na njano, chenye picha ya konokono. Pembeni yake bibi mmoja mfupi, mweupe, nywele kama pamba, amemshika mkono kwa nguvu kama mtu aliyekamata kuku.

— Konokono, akasema Shemasi polepole. Mmeona? Shule yake sasa itakwenda mwendo huo.

— Hiyo ni clan, akasema Daktari. Nilisoma mahali. Ule mji umegawanywa mitaa, na kila mtaa uko na mnyama wake. Kuna mtaa wa bata bukini, kuna wa kobe, kuna wa twiga...

— Twiga? Italia? Forklift akamgeukia.

— Twiga, nakwambia.

— Daktari, leo umezidi, hata mimi nikasema.

Tulimcheka mpaka akanuna. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtaa wa twiga upo kweli. Katika yote aliyosema Daktari siku ile, tulimkatalia lile moja lililokuwa na ukweli.

— Sawa, wachana na twiga, akaendelea. Lakini mtu hapewi kitambaa cha clan bure. Huyu ameingizwa. Na mwanamke anaingizwaje kwa clan? Anaolewa!

Forklift akaichukua simu, akaikuza picha mpaka pua ya yule bibi ikajaza kioo chote.

— Basi huyu ni mama mukwe.

— Anafanana na mama mkwe, Shemasi akakubali.

— Mutoto wangu ameolewa na mutu ya Konokono, na mimi niko hapa nakunywa kahawa!

— Mimi ningeanza na suluhisho, akasema Shemasi, akanyoosha koti. Kwanza, ashuke ule mnara kinyumenyume.

— Ameshashuka jana, Shemasi.

— Apande tena, ashuke kinyumenyume, akihesabu ngazi kutoka mia nne mpaka moja. Akikosea hesabu, aanze upya. Pili, leo saa tisa tukutane kanisani, watu saba. Tatu, tumtumie mafuta ya zeituni yaliyoombewa, kwa posta.

— Mafuta ya zeituni, Naserian akasema. Yale unayonunuaga dukani kwangu?

— Hayo hayo.

— Yameandikwa yametoka Italia. Unataka kuyarudisha kwao?

— Yatarudi yameombewa!

Mteja wangu alitoka nje na lile shuka la kunyolea shingoni, upande mmoja wa kichwa umekwisha, akasimama nyuma yao asipitwe na neno. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimezima mashine.

Ni Naserian aliyeuliza lililotufanya tuache kucheka.

— Baba Sandrine. Wewe ulimjibu nini?

Akamwita Baba Sandrine, hakumwita Forklift. Naye akainamisha kichwa, akageuza simu tuone. Alikuwa ameamka Ijumaa mchana, kalala kwa muda wa saa tatu tu baada ya zamu, akasikiliza ile sauti mara moja, akaandika: SHUKA. KAMA HUTAKI SHULE SEMA. MIMI SIBEBI MASANDUKU USIKU KUCHA SABABU YA MCHEZO. Chini ya hapo alama mbili za buluu. Amesoma. Hakujibu chochote, wala hakupiga simu kama alivyoahidi. Tangu jana mchana mpaka leo saa nne asubuhi, kimya.

— Eh, Daktari akasema.

— Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na usingizi. Forklift alisugua uso kwa viganja viwili. Na sasa niko naogopa kupiga. Akinijibu kwamba ni kweli, kwamba hataki tena shule, mimi nitasema nini? Mama yake sikumuambia hata. Iko kwenye kazi DeSoto tangu jana. Mutoto ya kwanza katika ukoo wetu yote kufika chuo kikubwa. Ukoo yote! Mimi nilisimama darasa la sita, vita ikakuja. Nilikuwa nahesabu siku.

— Ulikuwa unahesabu siku, Naserian akasema. Haya. Kwani Sandrine yuko mwaka wa ngapi?

— Ya... Forklift akasita. Ya pili.

— Mwaka jana ulisema wa pili, nikamkumbusha.

— Basi ya tatu. Ngoja. Alianza ile mwaka walinitoa kwenye mustari ya samaki wakaniweka kwenye mustari ya kuku. Halafu kuku nilikaa... Halafu tulihama apartment tukakuja kwenye nyumba... Halafu gari ya nyekundu ikakufa...

Alihesabu kwa vidole, akapoteza hesabu kwenye gari nyekundu, akaanza tena kwa samaki. Tukamsaidia. Shemasi alikumbuka sherehe ya kumpeleka chuo ilikuwa mwaka ule paa la kanisa lilipovuja. Daktari akasema paa lilivuja mwaka wa ile baridi kali umeme ukakatika. Mimi nikasema hapana, lilivuja baada ya mvua ya mawe. Tulikuwa tunajua madirisha ya chumba chake Roma, tunajua mbwa wa mwalimu wake, na katika watu wazima watano na mteja mmoja hapakuwa na hata mmoja aliyejua binti yuko mwaka wa ngapi.

Forklift ndiye aliyeona aibu zaidi. Aliviangalia vile vidole vyake alivyokuwa amevisimamisha, vitatu, kimoja kimekunjwa nusu.

— Minarudi nyumbani asubuhi, yeye anatoka, akasema. Minaamka, yeye eko chuoni. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana kwenye mulango. "Papa, nimeenda." "Haya, mama, Mungu akubariki." Sikuuliza.

— Muulize sasa, Naserian akasema. Kule ni saa kumi na moja jioni.

— Na kama hapokei?

— Ukipiga ndiyo utajua.

Akapiga. Kwa ile haraka akabonyeza spika kwa bahati mbaya, na hakuna aliyemwambia azime. Ikaita mara nne. Mara tano.

— Allô.

Haikuwa sauti ya jana. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kugombezwa.

— Sandrine. Ni papa.

— Najua, Papa.

— Umekula?

— Nimekula.

Daktari akamfanyia ishara ya mikono, endelea, endelea.

— Mama, nikuulize kitu. Usikasirike. Wewe... uko mwaka ya ngapi?

Tukasikia kengele ya kanisa mahali fulani nyuma yake, na watu wakicheka kwa mbali.

— Papa, unaniuliza leo?

— Nauliza leo. Ilifaa niulize zamani. Sikuuliza, ni kosa yangu. Sasa nauliza.

Alipojibu, sauti ilikuwa imelegea kidogo.

— Mwaka wa tatu, Papa. But I'm done.

— Done nini? Unaacha?

— Nimemaliza! Sio kuacha, kumaliza! Yale masomo ya chuo nilichukua nikiwa high school hapo Mansfield walinihesabia. Na summer mbili, unakumbuka nilikuwa sirudi nyumbani mpaka jioni? Nilikuwa darasani. Alhamisi tukiwa ndani ya basi nikapata email ya chuo. Wameangalia kila kitu. Nimetimiza. Jina langu liko kwenye list ya graduation, mwezi wa tano.

Forklift alisimama. Benchi likainuka upande wake na Shemasi nusura aanguke.

— Sasa munara...

— Papa, walisema kabla ya kumaliza. Zoé na Charlotte bado wana mwaka mmoja, ndiyo maana walibaki chini. Mimi nimemaliza, so I could go up. Tulikubaliana hivyo wote watatu. Ilikuwa kama... kama sherehe yangu. Nilipanda peke yangu, ngazi zile ni nyembamba, mtu akishuka lazima ujibanze ukutani. Nikafika juu, nikaona mji wote, na ukuta wake, na mashamba mpaka mbali. Nikasema, nitampigia Papa jioni, nimwambie vizuri, nimsikie akipiga kelele.

Kengele ya kanisa ikalia tena nyuma yake.

— Halafu nikasoma message yako.

— Ulikuwa wapi?

— Mezani. Yule bibi mwenye nyumba tuliyokodi chumba, alisikia nimemaliza chuo, akapika. Akaniita, akanifunga kitambaa cha mtaa wake, tukapiga picha, nikakutumia. Tukakaa kula. Simu ikalia. Nikasoma, nikalia mbele ya wageni, Papa, na mdomo umejaa tambi. Bibi akafikiri chakula ni kibaya.

Hakuna aliyecheka. Shemasi aliutazama mlango wa kliniki ya meno. Forklift aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo kabisa, kama anamnong'oneza mtoto aliyelala.

— Sandrine. Mama. Nilikuandikia vibaya. Sikujua, lakini hata kama ningekuwa najua, haikufaa kuandika vile. Wewe hujawahi kunipotezea usingizi hata siku moja. Usingizi naupoteza mwenyewe. Nisamehe.

Mimi nimemnyoa Parfait miaka saba. Nimemsikia akigombana na mabosi, na fundi wa gari, na timu ya mpira akiwa peke yake mbele ya televisheni yangu. Neno nisamehe sikuwahi kulisikia kwake. Sidhani kama hata Sandrine alikuwa amelisikia, kwa sababu alivuta kamasi kabla ya kujibu.

— Nimekusamehe, Papa.

— Umemaliza kweli?

— Nimemaliza kweli.

— Rudia.

— Nimemaliza, Papa!

Hapo ndipo alipopiga kelele aliyoitaka binti yake. Ilikuwa kelele ya mtu wa ghala, aliyezoea kuita wenzake kutoka upande wa pili wa rafu. Ndege weusi wote waliokuwa kwenye nyaya za umeme wakaruka kwa mpigo. Mteja wangu akapiga makofi ndani ya shuka. Daktari akamkumbatia Shemasi, wakagundua wanakumbatiana, wakaachana.

— Papa? Sandrine akasema. Uko kwenye benchi?

— Niko... niko hapa karibu na benchi.

— Nani wako hapo?

— Shikamoo! tukajibu wote kwa pamoja, ingawa sisi ndio wakubwa.

— Oh my God. Mmesikia yote?

— Kidogo tu, akasema Shemasi.

— Uncle Daktari yuko?

— Niko, my daughter! Hongera sana! Nilikuwa nawaambia hawa watu, huyu msichana lazima kuna sababu alipanda. Nilisema hivyo. Waulize.

Naserian alimkodolea macho mpaka akajificha nyuma ya kikombe.

— Sawa, nisikilizeni wote, akasema Sandrine, na sasa nikamsikia yule mtoto aliyekabidhiwa karatasi za familia. Mama hajui. Mnasikia? Mama nataka nimwambie mwenyewe, nikifika airport Jumanne, nimpe mkononi ile email ya chuo, nimeichapa kwenye karatasi, niangalie uso wake. Papa nimeshamkosa, sikuona uso wake. Mama simkosi. Msimwambie mpaka Jumanne. Ahidini.

— Tunaahidi.

— Mmoja mmoja.

Tukaahidi mmoja mmoja, kama watoto wa kipaimara. Naserian, Shemasi, mimi, Daktari mara mbili kwa sababu alimwambia arudie. Hata mteja akaahidi, na jina la huyo mama halijui.

Simu ilipokatika, Forklift alikwenda akazunguka gari lake mara mbili, akalipiga paa kofi, akarudi. Macho yalikuwa mekundu. Akakaa, akaomba kahawa, safari hii kwa sukari vijiko vitano. Naserian akaliinamisha birika, yakatoka matone, halafu vipande vya tangawizi, halafu hakuna. Akalipindua juu chini tuone.

— Imeisha. Mmeikausha kwa kelele.

— Na ile sala ya saa tisa? nikamuuliza Shemasi. Mnaifuta?

— Haifutwi. Itakuwa ya shukrani.

— Ukienda kushukuru mbele ya watu saba, mama yake si atajua?

Shemasi akafikiri.

— Tutashukuru kimyakimya, akasema, na nikaona jinsi neno hilo lilivyomchoma kulitamka.

— Mpaka Jumanne ni siku tatu tu, akasema Daktari. Siku tatu mtu anashindwa kunyamaza? Mimi kazini nimebeba siri za watu, vitu hata siwezi kuwaambia. Kama yule mzee wa chumba cha mwisho ambaye...

Hakumaliza. Gari dogo la kijivu lilikuwa limekata kona kutoka barabarani, likaja moja kwa moja mpaka mbele yetu, likazimwa. Akashuka Élodie, mke wa Forklift, mama yake Sandrine, na sare ya kazi ya rangi ya zambarau, viatu mkononi na ndala miguuni, amechoka. Ni mwanamke mpole sana. Anaongea taratibu na anakutazama machoni mpaka umalize kusema, na nadhani ndiyo maana watu humwambia mambo ambayo hawakupanga kumwambia.

— Bajambo, akasema.

— Jambo, Mama Sandrine, tukajibu, tukaishia hapo.

Kwa kawaida salamu za benchi letu huchukua robo saa. Akatutazama mmoja mmoja. Daktari aliangalia juu.

— Mvua inaweza kunyesha, akasema. Mbingu ilikuwa buluu tupu.

Shemasi, ambaye kwa cheo chake hawezi kusema uongo na kwa tabia yake hawezi kunyamaza, alichukua andazi zima, akalitia mdomoni lote. Mteja wangu akarudi ndani bila kuitwa, akakaa kwenye kiti, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Mimi nikaanza kufagia kizingiti ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja.

— Parfait, Élodie akasema. Mbona macho yako mekundu?

— Tangawizi.

— Na mbona munanyamaza hivi?

Forklift akamtazama Naserian. Naserian akalitazama birika. Andazi lilikuwa linamshinda Shemasi. Machozi yalimtoka, lakini akaendelea kutafuna.

Élodie akaweka viatu vyake chini. Akamwangalia mumewe kwa upole ule ule.

— Sandrine amepiga simu?

Miaka saba niko mlangoni pale, na ndiyo siku ya kwanza nilipoyasikia magari ya barabara ya 287, moja baada ya jingine, vizuri kabisa. Daktari alihema. Forklift aliinua kikombe kitupu, akakinywa.

— Haya, akasema Élodie, akamsogeza Shemasi kwa kiuno, akajipenyeza katikati yake na Daktari, akakunja mikono juu ya mkoba wake. Mimi sina haraka. Leo na kesho siendi kazini.